Mwenzako 100, wewe 70, kazi moja: namna ya kuwatumia Wagiriki wa kale kujua kama unaonewa kazini na ufanye nini

Ukigundua mwenzako anapokea 100 na wewe 70 kwa kazi ileile, kitu cha kwanza ni hasira, na hasira inakuambia neno moja tu, "sio sawa". Sasa ukienda kwa bosi na hiyo "sio sawa" peke yake atakumaliza dakika mbili tu, atakwambia vidole vya mkono havilingani, soko ndo linaamua, kila mtu alijadiliana mshahara wake mwenyewe, na utatoka humo ofisini ukitikisa kichwa kukubali kitu ambacho wala hukukubali. Ndo maana mi nashauri kabla hujaandika hata meseji moja upite kwanza kwa wazee wa Ugiriki ya kale, maana hawa jamaa waligombana muda mrefu sana juu ya nani apate nini na kwa sababu gani, na maswali waliyoacha bado yanambana mtu vizuri tu hadi leo. Sio kwamba walikuwa malaika, wengi wao walikuwa na watumwa majumbani, tutafika huko.

Anza na kipimo, sio usawa

Aristotle, mwanafalsafa (384 hadi 322 KK), kwenye maandiko yake ya maadili, Nicomachean Ethics, kitabu cha 5, anasema ugomvi na malalamiko yanatokea kwa njia mbili: watu walio sawa wakipewa visivyo sawa, au watu wasio sawa wakipewa sawa. Rudia kuisoma hiyo. Maana yake sio kila tofauti ya mshahara ni dhuluma, na pia sio kila usawa ni haki, aliyefanya kazi saa 8 na aliyefanya saa 4 wakilipwa kiasi kilekile basi huyo wa saa 8 ndo kaibiwa. Ye anaita uwiano, yaani mafungu yatofautiane kwa kadiri watu wenyewe wanavyotofautiana kwenye kile kitu kinachopimwa. Halafu anaongeza jambo ambalo kwangu ndo roho ya mambo yote: kila mtu anakubali mgao ufuate stahili, ila hawakubaliani stahili ni nini. Wa demokrasia wanasema ni kuwa raia huru, wa utawala wa wachache wanasema ni utajiri au ukoo, wengine wanasema ni wema. Kwa hiyo ugomvi wako na kampuni, ukiuchimba mpaka chini, ni ugomvi wa kipimo.

Chukua karatasi. Upande mmoja andika vipimo ambavyo kampuni inasema inavitumia, viko kwenye tangazo la kazi, kwenye mkataba, kwenye ile fomu ya tathmini ya mwaka ambayo hakuna anayeisoma. Vitakuwa vitu kama miaka ya uzoefu, cheti, saa za kazi, ukubwa wa majukumu, watu unaowasimamia, matokeo. Mbele ya kila kimoja jaza wewe uko wapi na mwenzako yuko wapi, na ujaze kwa ukweli hata pale inapouma, kama yeye kweli anasimamia watu 5 na wewe husimamii mtu basi andika hivyo, hiyo karatasi ni ya kwako mwenyewe na ukijidanganya humo bosi atakuumbua baadae. Ukimaliza angalia ile 30 inayopungua kwako imeelezwa na mstari upi. Ikielezwa yote, basi pengine huna kesi, una hamu tu ya kuongezwa mshahara, nayo ni haki yako kuomba ila ombi lake ni lingine. Ikibaki bila maelezo, na kitu pekee kinachowatofautisha ni kwamba yeye ni mwanaume, au anasali sehemu moja na meneja, au ngozi yake ni ya rangi nyingine, hapo sasa twende mbele.

Jaribio la filimbi

Hili liko kwenye Politics, maandiko ya Aristotle juu ya siasa, kitabu cha 3. Una filimbi nzuri kuliko zote, unampa nani? Anasema unampa mpigaji bora. Sio mwenye ukoo mkubwa, sio mwenye sura nzuri, hata kama tukikubali kwamba ukoo na uzuri ni vitu vikubwa kuliko kupiga filimbi, bado havimsaidii mtu kupiga. Basi. Kila kigezo unachopewa kiulizie hivyo, je hiki kinaingia kwenye kazi yenyewe? Na usione ni hadithi za vitabuni, Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958 umejengwa karibu hivyohivyo, unakataza kubagua kazini kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, msimamo wa kisiasa, asili ya taifa na asili ya kijamii, halafu unasema tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi husika haihesabiwi kuwa ubaguzi. Filimbi hiyohiyo. Na Marekani orkestra kadhaa zilipoanza kuweka pazia kati ya mpigaji na wasaili, miaka ya 1970 hivi, kimsingi walikuwa wanamtii Aristotle kwenye mfano wake mwenyewe wa muziki, sikiliza filimbi usimwangalie mshikaji.

Plato, mwalimu wa Aristotle, naye ana lake na mi nalipenda zaidi kwa sababu linachekesha. Kwenye Republic, maandiko yake yaliyo kama mazungumzo, kitabu cha 5, Socrates (mwalimu wake Plato, ndo msemaji mkuu humo) anataka wanawake wafanye kazi ya ulinzi na uongozi wa mji sawa na wanaume, na hii ni Athens ambako mwanamke hakuingia hata kwenye baraza la wananchi. Mpinzani anasema lakini mwanamke na mwanaume wana maumbile tofauti. Socrates anajibu sawa, na mwenye kipara na mwenye nywele ndefu nao maumbile yao ni tofauti, kwa hiyo wenye vipara wakiwa mafundi viatu tuwakataze wenye nywele wasishone viatu? Tofauti ipo, hakuna anayeikataa, swali ni tofauti hiyo inahusiana nini na kiatu.

Hili jaribio litumie kwenye visingizio. "Ana mtoto mchanga." Inahusiana nini na kiatu? "Umri umeenda." Kiatu? "Lafudhi yake." Hapa tulia kidogo maana sio kila mara jibu ni rahisi, kama kazi ni ya kupokea simu siku nzima basi kueleweka ni kigezo halali kabisa, ila kueleweka sio sawa na kuwa na lafudhi fulani, mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na kila mteja akamwelewa. Ubaguzi mwingi wa siku hizi unajificha hapohapo, unachukua kigezo halali unakibandika juu ya kisicho halali. Kazi yako ni kuvibandua.

Uliza kama Socrates, ila sio mbele za watu

Socrates hakuwa anatuhumu, alikuwa anauliza, anamwacha mtu aseme kanuni kwa mdomo wake halafu anamletea mfano mmoja unaogoma kuingia kwenye hiyo kanuni. Ofisini inaenda hivi:

– Naomba kuelewa, mshahara wa nafasi yetu unapangwa kwa kuangalia nini hasa?
– Uzoefu.
– Uzoefu wa kazi kwa ujumla au wa kazi hii?
– Wa kazi hii bila shaka.
– Kwa hiyo mwenye miaka 6 kwenye kazi hii kawaida anakuwa juu ya mwenye miaka 4?
– Kawaida, ndio.
– Mimi nina 6, mwenzangu ana 4, na yeye yuko juu yangu. Kuna kigezo kingine labda sijakijua?

Halafu nyamaza. Kweli kabisa, nyamaza, usijaze ukimya kwa kucheka wala kusema "samahani nauliza tu". Mambo mawili yatatokea, ama atakuletea kigezo kipya na wewe unakiandika unaenda kukipima na filimbi, ama ataanza kuzunguka. Zote mbili ni faida. Jioni yake tuma barua pepe ya adabu, "asante kwa muda wako, nimeelewa kwamba mshahara wa nafasi hii hupangwa kwa uzoefu wa kazi hii, nirekebishe kama nimekosea". Asiporekebisha una maandishi. Akirekebisha una maandishi pia.

Na usifanye hivi kwenye kikao cha wafanyakazi wote. Socrates alizoea kuwaumbua wakubwa hadharani vijana wakiwa wamesimama wanacheka, mwaka 399 KK akahukumiwa kifo, na mi naamini ile hasira ya walioumbuliwa ilichangia pakubwa.

Siri ya mshahara, na yale mawe ya Athens

Republic hiyohiyo, kitabu cha 2, kuna hadithi ya mchungaji wa Lydia aliyeokota pete, akigeuza jiwe lake haonekani, basi si akaenda kumtongoza malkia, akamuua mfalme akakaa yeye kwenye kiti. Swali lilikuwa mtu asiyeonekana atakuwa na sababu gani ya kutenda haki. Mi kila nikisikia kampuni inasema "mishahara ni siri, marufuku kuambiana" naiona hiyo pete. Wakati mwingine siri inamlinda mfanyakazi, sawa, ila mara nyingi inamlinda anayepanga.

Linganisha na hili. Athens walipokuwa wanamalizia hekalu la Erechtheion, miaka ya 409 hadi 407 KK, hesabu za ujenzi zilichongwa kwenye mawe, nani kalipwa nini kwa kazi gani, na vipande vimebaki mpaka leo. Kati ya wafanyakazi 86 ambao hali yao inajulikana, 24 walikuwa raia, 42 wahamiaji waliokuwa wanaishi Athens bila uraia, na 20 watumwa. Na kazi ileile ililipwa kiasi kilekile, drakma moja (sarafu yao ya fedha) kwa siku ndo ilikuwa malipo ya kawaida, raia sawa na mtumwa, hata msanifu wa jengo naye alikuwa kwenye drakma moja kwa siku. Ukisoma hivyo unashangaa, hawa wamefikaje huko.

Ila subiri. Mtumwa aliyelipwa drakma moja hakuwa mtu huru, na fedha hiyo kwa kawaida ilikuwa na bwana wake nyuma yake, yote au sehemu kubwa. Na mhamiaji alikuwa na kodi ya kichwa ambayo raia hakuilipa, drakma 12 kwa mwaka kwa mwanaume na 6 kwa mwanamke anayejitegemea, ni kodi ya kuwa mgeni tu, na ardhi haruhusiwi kumiliki. (Aristotle mwenyewe alikuwa mmoja wa hao, mzaliwa wa Stagira, aliishi na kufundisha Athens miaka na miaka bila kuwa raia.) Kwa hiyo jiwe linasema sawa, mfuko unasema vingine.

Hapo ndo pa kujifunza. Usiishie kulinganisha ule mshahara ulioandikwa juu ya slipu. Nani anapata posho ya usafiri, nani anapangiwa zamu zenye saa za ziada zinazolipwa, bima inafika kwa familia ya nani, nani anaajiriwa moja kwa moja na nani anapitia kwa wakala anayekata asilimia yake kila mwezi, nani mkataba wake ni wa kudumu na nani anasainishwa miezi mitatu mitatu miaka nenda rudi. Ubaguzi uliokomaa hauko kwenye mshahara wa msingi, unakaa huku pembeni. Kwa hiyo waulize wenzako, taratibu, mmoja mmoja, wewe ukianza kutaja chako ndo atataja chake. Kwanza tu angalia sheria ya nchi yako inasema nini juu ya kuambiana mishahara, sehemu nyingine mwajiri haruhusiwi kabisa kukukataza na watu hawajui.

Ukishathibitisha, dai tofauti na sio huruma

Aristotle anatenganisha haki ya kugawa na haki ya kurekebisha, na watu wakichanganya hizi mbili wanajichelewesha. Ya kugawa inaangalia stahili ya kila mtu. Ya kurekebisha haiangalii kabisa nani ni mtu mwema, anasema haijalishi mwema kamdhulumu mbaya au mbaya kamdhulumu mwema, sheria inaangalia tu ukubwa wa madhara na hakimu anarudisha mizani, anachukua kilichozidi huku anakirudisha kule.

Kwa hiyo bosi akianza "lakini wewe umekuwa ukichelewa" au "kampuni imekulea", hizo ni za kesi nyingine. Ulipungukiwa 30 kwa mwezi kwa miezi 24, hiyo ni 720. Iandike hivyo. Anaweza kukubali kuanzia mwezi ujao mlingane akadhani amemaliza, na hapo amegusa mgao tu, ya nyuma bado haijaguswa. Na kwenye kulinganisha usijifunge kwenye kazi zenye jina moja, Mkataba Na. 100 wa mwaka 1951 wa shirika hilohilo la kazi unaongelea malipo sawa kwa mwanaume na mwanamke kwa kazi yenye thamani sawa, sio lazima iwe kazi ileile, maana mara nyingi kazi zikishajaa wanawake zinapewa jina jingine na mshahara wake unalala.

Sawa sio kufanana

Kuna watu shida yao ni kinyume, wanatendewa sawasawa na wengine wote na hiyo ndo inawaumiza. Mwenye ulemavu, mjamzito, mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Meneja anasema kanuni ni moja kwa wote. Mjibu na Milo. Milo alikuwa mpiga mieleka, na Aristotle anasema kama chakula fulani ni kingi mno kwa mtu na kingine ni kidogo mno, kocha hachukui tu namba ya katikati akampa kila mtu, kiasi kitakachokuwa kidogo kwa Milo kitakuwa kingi kwa anayeanza mazoezi. Halafu kuna ile rula ya wajenzi wa Lesbos, ya madini ya risasi, inayopinda ikafuata umbo la jiwe, anaitumia kueleza kwamba sheria inaandikwa kwa ujumla na hakuna aliyeiandika akiwa ameona kila kesi, kwa hiyo haki wakati mwingine ni kuirekebisha pale inapopwaya. Omba kitu mahususi, kiti, saa tofauti, mapumziko ya dawa, na ueleze kinavyokuwezesha kufanya kazi ileile.

Akikwambia mimi ndo bosi

Huyo ni Thrasymachus, yule mbishi wa Republic kitabu cha 1 anayesema haki ni faida ya mwenye nguvu. Usibishane nae zaidi. Mwaka 416 KK Waathene waliwaambia watu wa kisiwa cha Melos kitu cha namna hiyo, kwamba haki inajadiliwa pale nguvu zinapolingana, na hoja za Wamelos hazikuwasaidia, wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa. Hoja nzuri mbele ya mtu wa hivyo zinahitaji mgongo, na mgongo ni wenzako, chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi, wakili. Nenda na karatasi yako. Aristotle kwenye Politics kitabu cha 5 aliwaonya watawala kwamba walio chini wanaanzisha vurugu ili wawe sawa, na kampuni nyingi zinaelewa lugha hiyo haraka kuliko ya maadili.

Hapahapa kuna mtego wa Wastoa, kundi la wanafalsafa waliofundisha utulivu wa moyo. Utaambiwa achana na usiyoyaweza, tuliza moyo, Epictetus, mmoja wa Wastoa hao, alisema. Epictetus alizaliwa mtumwa, na alichosema ni kwamba kuna yaliyo kwenye uwezo wetu na yasiyo kwenye uwezo wetu. Uamuzi wa bosi hauko kwenye uwezo wako, kweli. Kuuliza, kuandika, kukataa kusaini kitu cha uongo, kumsimamia mwenzako, vyote viko. Anayekunukulia nusu ya kwanza tu ana sababu zake.

Na pengo la juu kabisa je

Hili haliingii kwenye karatasi yako ila ulijue. Plato kwenye Laws, maandiko yake juu ya sheria, alipanga mji ambao hakuna raia anayeshuka chini ya kiwanja chake cha msingi na hakuna anayezidi mara 4 ya hapo, kinachozidi kinaenda kwa mji na miungu. Mara nne! Tafuta ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote kubwa ufanye hesabu mwenyewe ya mkurugenzi mkuu na mfagizi. Mgiriki mwingine, Phaleas wa Chalcedon, alitaka mali za wote zilingane, Aristotle akamjibu kwamba ungesawazisha tamaa kwanza, maana watu hawawi madikteta ili wasisikie baridi. Jibu zuri, ila naona limewafaa sana matajiri tangu hapo.

Na usimwamini Aristotle mpaka mwisho. Huyu wa filimbi ndo huyohuyo aliyeandika kwenye kitabu cha 1 cha Politics kwamba kuna watu ni watumwa kwa maumbile. Kulikuwa na Wagiriki waliokuwa wanasema kinyume, Alcidamas, mwalimu wa kuhutubia, karne hiyohiyo alisema maumbile hayakumfanya mtu yeyote mtumwa, kwa hiyo sio kwamba hoja haikuwepo mezani. Mtu anaweza kushika kipimo sahihi mkononi na asikitumie pale kinapogusa nyumba yake, na ndo utakavyomkuta meneja wako mwenye cheti cha usawa ukutani.

Sasa mpangilio wa faili lako: karatasi ya vipimo juu, slipu za mshahara za miezi yote kwa mfuatano, mkataba, tathmini za mwaka, barua pepe za Socrates na majibu yake, na mwisho hesabu ya tofauti. Weka kopi nje ya kompyuta ya ofisi, maana siku ya kusimamishwa unafungiwa akaunti kabla hujafika kwenye kiti. Na kabla ya yote haya angalia muda wa kulalamika kisheria mahali ulipo, sehemu nyingine unahesabiwa kwa siku au miezi michache tu tangu tukio, kwa hiyo tarehe hiyo iandike juu ya faili kwa kalamu nyekundu.